Kilo Mbili za Lusenge

Kila Jumatatu asubuhi Lusenge alifungua depo yake ya kakao mjini Beni, akapangusa mizani, akakaza skrubu ndogo iliyo chini yake. Kuanzia hapo kila gunia lilipungua kilo mbili, na wakulima kutoka Mbau walilipwa zilizobaki.

Jumatatu hiyo mama yake, Kyakimwa, alikuja kuamua nani apewe shamba lake la Mbau: Lusenge, au mdogo wake Éphraïm, mwalimu wa Butembo. Éphraïm alikuwa ametumbukiza mishahara ya miaka miwili katika hisa za kampuni ya ng'ambo inayounda kompyuta ambazo bado hazijafanya kazi hata siku moja. Lusenge alimcheka mpaka hisa zilipoanza kuwa na uzito, wa kupimwa kwa kilo. Sasa simu ya Éphraïm, yenye hisa hizo ndani, ilishushwa kwenye basi na wapakiaji wawili, taratibu, kama mgonjwa. Magunia ya Lusenge waliyatupa tu. Wivu ukamwingia.

Alisema mali ya kungojewa miaka kumi si mali. Mama akamkumbusha kwamba hata mikakao ya shamba hilo yeye mwenyewe aliipanda akangoja miaka minne, watu wakimcheka. Akaamua: gunia moja la Lusenge au simu ya Éphraïm, chenye uzito zaidi kingechukua shamba.

Lusenge akapandisha gunia lake bora kabisa. Kwa haraka ya kushinda, alisahau ile skrubu. Mizani ikasoma sitini. Yeye alijua ni sitini na mbili.

Depo haikuwa na mtandao, na bila mtandao hisa hazina uzito. Simu ikapelekwa ng'ambo ya barabara, kwenye mizani ya Mathe mchinjaji, ambayo haijawahi kumwibia mtu. Ikasoma sitini na moja.

Wakulima walikuwa wamejipanga mlangoni na magunia yao.

« Lusenge, » mama aliuliza, « mizani yako iko sawa? »

Akawatazama wakulima. Akamtazama mdogo wake.

« Iko sawa, Mama. »

« Basi shamba ni ya Éphraïm. »

« Pole, yaya, » Éphraïm akamwambia kaka yake.

Wapakiaji wakairudisha simu kwenye basi, ikalipiwa kiti chake, cha dirishani. Lusenge aliitazama kwa uchungu mpaka basi likapotea. Kisha akamwita mkulima wa kwanza, bibi Syauswa, aliyekuwa amepima gunia lake kwa Mathe: kilo sitini na mbili.

« Sitini, » Lusenge akasema, akaandika.