Kitufe cha Toni

Mzee Bonaventura aliingia dukani kwa bintiye Leonia, pale Rusimbi, karibu na ziwa, akalilaza gitaa lake la umeme kifudifudi juu ya meza ya kazi. Hata shikamoo ya binti hakuisubiri.

"Kitoe hiki kitufe cha toni," alisema. "Kinaniibia sauti. Nikipiga uzi wa kwanza naona kama umefunikwa blanketi."

Leonia alikuwa fundi wa redio na simu, na gitaa hilo alilijua toka ana meno ya utoto. Kilichomshangaza ni ile hasira. Mzee huyu alikuwa ameendesha injini za maboti ya kwenda Kagunga nusu ya maisha yake, amekaa na ngurumo zile bila kunung'unika, leo anagombana na kitufe! Lakini Jumamosi iliyokuwa inakuja kulikuwa na harusi, na Gasper, mkuu wa bendi ya mzee, alikwisha kumwambia mbele za watu kwamba siku hizi gitaa lake linawakera wageni. Harusi hii ikiharibika, atatafuta mpigaji mwingine. Na Gasper si mtu wa kutania. Bila bendi ile mzee angebaki na nini? Mke alikwisha kumzika, injini alikwisha kuziacha. Gitaa ndilo lililokuwa likimtoa kitandani kila asubuhi.

Leonia akafungua mfuniko wa nyuma. Ndani hamkuwa na mambo mengi: waya kutoka kwenye sumaku za chini ya nyuzi, kitufe cha kuongeza na kupunguza sauti, kitufe cha toni, na kapasita moja ndogo kama punje ya harage. Kazi ya kapasita hiyo ni kuzimwaga zile sauti nyembamba zinazochoma. Kitufe ndicho huamua zimwagwe nyingi au chache. Akakata waya wa kapasita. Sasa gitaa halikuwa na toni kabisa, sauti yote ingetoka mbichi kama ilivyo.

Akaliunganisha na amplifaya. Mzee akapiga uzi wa kwanza.

Mama Kuruthumu wa Ujiji, aliyekaa kwenye benchi akingojea simu yake, aliziba masikio yote mawili. "Subhanallah! Mzee wangu, utatutoboa!"

Mzee aliinama mpaka sikio likakaribia kugusa spika. "Bado," akasema. "Umekata kweli, Leonia?"

"Nimekata, baba."

"Basi spika yako mbovu."

Spika ilikuwa nzima. Leonia alielewa palepale. Zile injini zilikuwa zimekwenda na masikio ya baba yake. Ndiyo maana alikuwa akikaza sauti mpaka wenzake wakanuna. Alipaswa kumwambia, na alifungua mdomo amwambie, ila akamwona anavyozifuta nyuzi kwa pindo la shati, taratibu, akaufunga.

"Niachie mpaka kesho," alisema.

Mwenye kutaka kumlaumu na amlaumu, mimi siwezi. Alipobaki peke yake aliirudisha kapasita akailehemu ndani moja kwa moja, bila kuipitisha kwenye kitufe, ili sauti itoke laini mzee akitaka asitake. Kitufe akakiacha mahali pake, kikizunguka bure.

"Nimekitengeneza upya," alimwambia kesho yake. "Ukikizungusha kulia, sauti inakuwa kali kadiri upendavyo."

Jumamosi mvua ilinyesha tangu asubuhi, lakini harusini watu walicheza, na hakuna aliyeziba masikio. Leonia alisimama karibu na mlango akimtazama baba yake akikinyonga kile kitufe kulia, akitabasamu, akikinyonga tena.

Jumatatu mzee alirudi. Ukungu ulikuwa umelifunika ziwa lote. Safari hii gitaa lilikuwa limeshafunguliwa, skrubu ziko mfukoni mwa shati.

"Bibi harusi kanipa mkono," alisema. "Kaniambia, 'Babu, gitaa lako laini jamani!' Gasper naye, laini. Mpaka wapishi, laini. Na mimi kitufe nilikuwa nimekizungusha mpaka mwisho."

Leonia akaiweka chini simu aliyokuwa akiitengeneza.

"Mimi ni fundi wa injini, mwana wanje, mwanangu. Waya usiofika popote naujua nikiuona. Ulijua lini?"

"Siku ile Mama Kuruthumu alipoziba masikio."

"Nilimwona. Nikadhani kichwa kinamuuma."

"Nisamehe, baba. Niliogopa watakutoa kwenye bendi."

"Umenidanganya, na imeniuma. Haya, kata tena. Iwe bila toni, kama siku ile."

Akakata. Alipomaliza, mzee hakulipokea gitaa.

"Piga wewe. Uzi wa kwanza."

Akaupiga. Mlio ukapasua duka zima. Bodaboda aliyekuwa akipita nje akageuza shingo. Mzee Bonaventura aliukodolea macho uzi ukitetemeka, hakuyabandua mpaka ulipotulia.

"Uzi umelia?" aliuliza.

"Umelia, baba."

Akazitoa skrubu mfukoni, akaziweka juu ya meza.

"Mpigie Gasper simu," alisema. "Mwambie atafute mpigaji mwingine."