Kondoo wa Kumwosha Luseno

Habari hii nilipewa na Khavere, jirani yangu wa Kaloleni, tukichambua kunde mlangoni kwangu, mwaka wa tisini na sita, Pasaka ikiwa imepita. Inamhusu babake, mzee Luseno.

Mzee Luseno alirudi na homa kutoka vita vya Burma, na homa hiyo haikumwacha. Ilikuja ilipotaka. Wiki ile ya harusi ilimjia Jumatano. Alijikunyata chini ya mablanketi matatu, meno yakigongana, na kichwani mwake mna jambo moja tu: Jumamosi amshike mkono mjukuu wake Vivian, binti ya Khavere, ampeleke madhabahuni. Mume wa Khavere alikuwa marehemu.

Alhamisi asubuhi Job, mdogo wake Luseno, akafika kutoka Maragoli na kondoo dume. Akamfunga kwenye bomba la maji, watoto wakaanza kumlisha majani ya sukuma wiki.

"Ndugu yangu," Job akasema hata kabla ya chai, "hiyo si malaria. Ni damu ya watu uliowaua. Uliporudi hukuoshwa. Leo utapakwa majani ya tumboni mwa kondoo huyu, utaje hesabu yao, yaishe."

"Toka na kondoo wako."

"Basi mkono wa Vivian hutaushika. Apelekwe na muuaji, atazaa wapi? Wazee wamesema nimpeleke mimi."

Luseno akaketi, mablanketi yakaanguka. Kwa miaka kama hamsini watu wa kwao walimwita simba aliyewamaliza Wajapani, naye alinyamaza tu. Sasa simba huyo alitaka kumnyang'anya mjukuu.

"Job, sikuua mtu."

"Usiogope, sema tu."

"Hata mmoja! Nilikuwa mbeba machela. Bunduki nilipewa, nikaitundikia kofia."

Job akakodoa macho. "Na hadithi zote zile?"

"Mlisimulia nyinyi. Mimi nilikula kuku wenu."

Khavere akacheka hadi akamwaga chai. Job hakucheka, alikuwa amekesha barabarani na kondoo miguuni. "Lakini uliowabeba, wengine walikufa. Damu yao ilikugusa. Hiyo pia huoshwa."

Luseno akamkumbuka Mutisya, askari mwenzake, mchonga vinyago wa Ukambani, aliyemfia mikononi akiuliza kama mto umekaribia.

"Hao," akasema, "sioshwi. Umesikia? Nimewabeba mpaka leo, na Jumamosi nitaingia nao kanisani. Asiyetaka atoke nje."

Vivian alikuwa mlangoni, ametoka kwa fundi na gauni lake. "Guga," akamwambia babu yake, "Jumamosi ni saa nne. Lakini si na lile koti la jeshi, limeliwa na nondo."

"Nitavaa lilo hilo."

Jumamosi akalivaa, jua likiwaka, akitetemeka hadi maua ya Vivian yakatikisika. Katikati ya kanisa miguu ikagoma. Job akainuka amshike. Luseno akamtazama mara moja tu, Job akakaa. Mzee akavuta pumzi, akamaliza hatua zake. Mchungaji alipouliza ni nani anayemtoa msichana huyu, akajibu kwa sauti ya gwaride, "Mimi, Luseno, mbeba machela!"

Sherehe hakuikalia. Khavere na Job wakamrudisha nyumbani, wakamvua koti, wakamnywesha dawa chungu. Job akasema atamlinda, akajilaza kwenye kochi, akakoroma. Khavere, aliyepika siku tatu, akasinzia kitini. Luseno akawasikiliza, jasho likianza kumtoka.

"Walinzi gani hawa," akanung'unika, kisha naye akalala.