Maikrofoni ya Kwaya

"Basi niambie hiyo ndogo ni ya nini, kama si ya kuchezea watoto," Priscah alisema.

Dorothy, mamake, alimjibu kwamba hiyo ndogo ndiyo aliyomnunulia, na ndiyo itakayotumika, la sivyo gitaa lirudi ukutani.

Walibishana hivyo tangu chakula cha mchana. Kanda ya wimbo wa Priscah ilitakiwa ipande basi la jioni kwenda Nairobi, kwa mtu wa studio aliyesema atasikiliza wimbo mmoja tu. Mvua nayo ilikuwa njiani, na mvua ya Kakamega ikianza kupiga mabati hakuna wimbo unaosikika. Priscah alikuwa ameigeuza sebule yao, mtaani Shieywe, kuwa studio: godoro limeegemezwa ukutani, blanketi dirishani, kuku wamefungiwa jikoni. Mezani palikuwa na maikrofoni mbili. Moja ilikuwa ndogo kama kidole gumba, ya betri, ya kuchomeka kwenye redio kaseti. Nyingine ilikuwa ya kwaya, nzito, chuma kitupu, na ilikuja na amplifaya ya kuazima kwa Mwalimu Wanzala wa kwaya.

Dorothy hakuwa na ugomvi na sauti ya ile kubwa. Ilishika nyuzi vizuri mpaka ukasikia vidole vikitembea. Kilichomsumbua ni umeme. Plagi ya amplifaya ilishang'oka zamani. Nyaya zilichomekwa uchi kwenye soketi na kukazwa kwa njiti za kiberiti, kama nusu ya mtaa walivyofanya. Ila hapa zilikuwa mbili tu. Ya tatu, ya kijani, ile ya kupeleka umeme ardhini, ilining'inia nje.

"Hii nani aliitoa?"

"Mimi. Ikiwa ndani, spika inanguruma. Nikiitoa, kimya."

Priscah aliketi kwenye kigoda, akavua viatu na kuvisukuma mbali. Dorothy akauliza viatu vimekosa nini.

"Hii maiki inasikianga kila kitu, Mama. Nikipiga mguu, kiatu kinasikika kuliko gitaa." Akakanyaga saruji ambayo Dorothy mwenyewe alikuwa ameipiga deki muda si mrefu, bado ina majimaji. "Tena ina utani. Asubuhi nikiisogelea ilikuwa inanitekenya midomo."

Dorothy akaigeukia amplifaya. Alikuwa ameibeba ikiwaka, asubuhi hiyo hiyo, na hakuhisi kitu. Akatazama miguu yake: alikuwa na patipati za mpira. Akaivua moja, akaweka unyayo kwenye maji, na kuligusa bati la amplifaya kwa nyuma ya kidole.

Mkono wake ulirushwa mpaka begani. Kiwiko kikagonga meza.

Priscah hakuona. Alikuwa amefumba macho, kama afanyavyo kila mara kabla ya wimbo, mguu ukipiga taratibu kwenye saruji, uso ukiinama kuelekea kile chuma. Dorothy alifungua mdomo, sauti ikakataa. Akanyoosha mkono amvute bega, akaurudisha: akimshika, wataondoka wote wawili. Mwenye kuwakuta hapo angekuwa nani? Alirudisha patipati mguuni, akachukua ufagio, akarukia juu ya kigoda cha pili na kuisukuma swichi kuu juu ya mlango kwa mpini.

Taa nyekundu ya amplifaya ikafa. Midomo ya Priscah ilikuwa upana wa kidole kutoka kwenye maikrofoni.

"Mama, nilikuwa naanza."

"Weka hiyo kitu chini."

Priscah alilalamika kwamba ile ndogo itamtolea sauti ya mkebe, na mtu wa Nairobi ataizima kabla ya ubeti wa pili. Ngurumo ya kwanza ilisikika upande wa Iguhu.

"Afadhali sauti ya mkebe kuliko sanduku la maiti," Dorothy alisema.

Alizing'oa nyaya kwenye soketi, akatoa kisu cha mboga na kuukata waya wa amplifaya pale pale ulipoingia kwenye bati. Wanzala angeelezwa baadaye. Kisha akatia mawe mapya ya betri kwenye redio kaseti, akaisimamisha maikrofoni ndogo juu ya vitabu vya nyimbo, ikitazama pale shingo ya gitaa inapokutana na tumbo. Akavua patipati zake na kuzisukuma chini ya miguu ya bintiye.

"Zitasikika," Priscah alisema, sasa kwa sauti ndogo.

"Zisikike."

Tone la kwanza likagonga bati. Dorothy akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi.