Alichouliza Gichovi

Tangu kisima kilipomfukia Gichovi kule Mbeere, Ndwiga hakulia wala hakucheka. Wawili hao walikuwa wamechimba visima pamoja tangu ujana wao, mmoja chini na sururu, mwingine juu akivuta ndoo za udongo. Siku ile aliyekuwa chini ni Gichovi. Ukuta uliporomoka, na watu walipomfikia alikuwa keshakata roho.

Alizikwa kwao Kanja. Ndwiga alibeba jeneza, akatupa udongo, akala chakula cha msibani, yote kama mtu aliyetumwa kufanya kazi ya wenyewe. Miezi ikapita. Mkewe, Purity, akajifungua binti. Ndwiga akapewa ampakate. Akampakata vizuri, akamrudisha, akaenda kulisha mbuzi. Mchungaji akaitwa kuomba. Ndwiga akaitikia amina, na ndani yake hakikusogea kitu.

Ni Purity aliyesikia redioni kwamba hospitalini kuna washauri nasaha wa watu waliopatwa na mambo mazito. Ndwiga alisema yeye si mwendawazimu. Hakubisha zaidi ya hapo, kwani hata kubisha kulitaka nguvu. Wakaenda Embu mjini.

Mshauri aliitwa Jedidah, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Ndwiga alitarajia kuhubiriwa, lakini Jedidah hakumhubiria. Alimweleza kwamba mtu akipatwa na jambo lililomzidi, mwili wake unaweza kufa ganzi ili umkinge, na kwamba hiyo si aibu. Siku za mwanzo Ndwiga alitazama dirisha tu. Baadaye Jedidah akamuuliza walikuwa wakizungumza nini kabla ya ukuta kuanguka.



"Aliniuliza kama huku juu mvua imeanza," Ndwiga akasema. "Aliona matone ukutani. Nikamwambia jua ni kali, aache uoga. Nikamcheka."

"Kuna mtu umewahi kumwambia?"

"Hakuna."

"Na yale matone, ulijua yanatoka wapi?"

Ndwiga alitaka kusema ndiyo, ili ajihukumu yaishe. Lakini hakuwa amejua kwamba ni maji yaliyokuwa yakiulegeza ukuta kwa ndani. Gichovi naye hakuwa amejua, ndiyo maana akauliza. Akamwambia Jedidah hivyo. Jedidah akamwelekeza avute pumzi polepole.

Ndwiga akaendelea kwenda kwake. Asubuhi moja alimlalamikia Purity kwamba chai imezidi sukari, na Purity akageukia ukutani asionekane akilia. Kwa muda mrefu mumewe alikuwa akinywa chochote anachopewa.

Baadaye, baada ya kulizungumza na Jedidah, Ndwiga alipanda Kanja kumwona mama yake Gichovi, ambaye yeye Ndwiga alikuwa akimkwepa tangu mazishi. Alimkuta akichambua maharagwe. Akamweleza yote, pamoja na kile kicheko. Mama akaweka ungo chini.

"Wote waliokuja hapa waliniambia ni mapenzi ya Mungu," akasema. "Hakuna aliyeniambia mwanangu alisema nini. Hebu rudia, mwanangu. Vilevile alivyosema."

Ndwiga akarudia. Alipofika pale alipomcheka, sauti ikamkatika, na kifua kikamuuma kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Mama hakumharakisha.