Vigae Vitatu na Barafu ya Mama

Mvua ya mawe ya mwaka huo ilinyesha kwa dakika kumi na moja tu, lakini ilipokatika, Mama Barafu alikuwa ameshatandaza mabeseni saba ndani ya nyumba na bado sufuria la wali lilihitajika chumbani. Mawe yenyewe yalikuwa makubwa kama yai la kuku, na hapo sitii chumvi. Mama mwenyewe aliokota moja mlangoni, akalifuta kwa kanga, akalitazama kwenye mwanga kwa jicho la mtu anayekagua kazi ya mshindani wake.

"Limegandishwa haraka haraka," alisema peke yake, "lakini moyo wake mgumu." Ndipo akakumbuka kwamba sebule inavuja.

Usimshangae. Mama huyu alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanda cha barafu, akaanza kwa kufagia sakafu na kumaliza akiwa msimamizi wa zamu nzima. Jina la Mama Barafu alipewa huko huko na wenzake, likamfuata mpaka mtaani. Barafu aliijua nje ndani, na kwa masikio pia: aligonga bonge kwa ukucha, akakwambia liligandishwa kwa saa ngapi.

Mwanawe wa kwanza, kifungua mimba wake, kazi yake ilikuwa kukagua lifti za maghorofa. Mtu anayeshinda kutwa akitafuta kitakachokatika hawezi kuja nyumbani akaacha macho yake kazini. Siku ya tatu baada ya mvua alifika, akaamkia, akapita chumba hadi chumba, akahesabu mabeseni kwa kidole. Kisha akashika kiuno.

"Mama, hapa basi tena. Funga virago, twende kwangu."

Kwake kulikuwa ghorofa ya tano. Chumba kilikuwa tayari, kitanda kipya, na mkewe alikuwa mtu wa watu, hana makuu. Mama hakuwa na neno baya juu ya chumba kile wala juu ya mkwe wake. Ila nyumba hii aliijenga na marehemu mumewe, chumba baada ya chumba, kila mwaka tofali zake. Ilikuwa na jiko lake, na dirisha la jikoni linalotazama geti, na mlango ambao akiufunga na kutoka, hakuna anayemwuliza anakwenda wapi na atarudi saa ngapi. Kwa mwanawe angekuwa mgeni mpaka kufa kwake. Jambo hilo lilimtisha kuliko mvua yoyote.

Walivutana wiki mbili. Mama akasema nyumba haina kosa, kosa ni la paa, na paa hubadilishwa. Mwana akasema mvua nyingine itakuja mwakani na nyingine mwaka utakaofuata, sehemu hizi zinajulikana. Mama akasema vipo vigae visivyopasuka. Hapo mwana akacheka.

"Nani kakwambia? Muuza vigae?"

"Basi tuvijaribu," mama akasema.

Neno hilo lilimgusa mkaguzi penyewe. Hakuna kitu alichokiamini duniani kama jaribio. Akasema sawa: watavipiga vigae kwa barafu ya ukubwa ule ule wa yai. Kikipatikana kitakachostahimili, mama anabaki na yeye hatafungua mdomo tena. Vyote vikipasuka, anahama mwezi huo huo.

"Na barafu nani atatengeneza?" mama aliuliza.

"Wewe, mama. Nani mwingine?"

Mama akaenda kutia chai.

Fundi wa mapaa aliitwa Sentimita, kwa sababu hakuweza hata kukusalimia bila kuvuta futi kamba. Alileta aina tatu za vigae vya lami, vile vyembamba vinavyopangwa kama magamba ya samaki. Cha kwanza kilikuwa chembamba na chepesi. Cha pili kilikuwa kinene, tabaka mbili zimegandamana. Cha tatu kilikuwa cha lami iliyochanganywa na mpira, na mgongoni kilikuwa na wavu wa nyuzi. Alikikunja ncha kwa ncha mbele yao, kikarudi kama kilivyokuwa.

"Msidanganywe na uso," Sentimita aliwaambia. "Uso unaweza kupona kabisa na mgongo umechanika. Maji hayajali uso. Ukitaka kukijua kigae, kigeuze."

Kesho yake mchana Mama Barafu aliinjika birika. Alijua afanye nini: achemshe maji mara mbili yatoke hewa yote, ayapoze, ajaze maputo madogo, ayafunge kwa taulo ndani ya friza yagande polepole kwa siku mbili. Barafu ya namna hiyo hutoka ang'avu kama kioo na ngumu kupita maelezo. Maji yakachemka. Mama akayatazama, akatazama na dirisha lake, akazima jiko.

Akatoa barafu iliyokuwamo kwenye friza, akaitwanga kwenye kinu, akaifinyanga viganjani, akainyunyizia maji kidogo na kuirudisha igande. Yakatoka madonge kumi na tano, ya mviringo, meupe, ya kupendeza. Ndani yake mlikuwa na hewa tupu. "Kwani mvua ya mawe si nyeupe?" alijiambia, akaosha mikono harakaharaka.

Jumamosi asubuhi Sentimita alipigilia vigae juu ya kipande cha mbao, akakiegemeza kwa mwinamo wa paa baada ya kupima mara tatu. Mwana akapanda ngazi akiwa na kofia yake ngumu ya kazini, ndoo ya barafu imening'inia pembeni. Akatupa la kwanza kwa nguvu zake zote. Pu! Likasambaratika likawa unga. Akatupa la pili, la tatu, mpaka ndoo ikaisha na uwanja ukawa mweupe.

Sentimita akavibandua vigae kimoja kimoja, akavigeuza, akavikunja. Hakuna hata ufa. Alikirudia kile chembamba mara mbili, akakuna kichwa.

"Hiki? Miaka ishirini nakipasua kwa kukikanyaga vibaya tu."

Mwana akashuka. Alikuwa mtu wa haki, hata haki ikimuuma. "Mama, umeshinda," akasema, na uso ulikuwa umemshuka kidogo. "Nilisema, na maneno yangu siyarudishi. Basi kama vyote ni sawa, weka hiki cha kwanza. Fundi anacho tayari, Jumatatu anaanza."

Mama alikuwa keshafungua mdomo apige kigelegele. Akaufunga.

"Mimi nimependa hiki cha tatu," akasema.

"Cha nini, mama? Kizito, kinaagizwa mwezi mzima, na mbao za paa lako ni za zamani. Jaribio limeshasema."

Jaribio limeshasema! Mama alimtazama Sentimita, Sentimita akatazama futi kamba yake. Mama alikuwa amejipalia makaa kwa mikono yake miwili yenye ujuzi. Angelala chini ya kigae kinachopasuka kwa kukanyagwa, mpaka mvua ya mwakani imwagike juu ya kitanda chake, na hapo asingekuwa na la kubishana tena. Na baya zaidi, hata hicho cha tatu hakujua kama kingestahimili. Barafu yake haikumwambia kitu.

Akapiga moyo konde. "Barafu ile ya uongo."

"Ya uongo vipi? Imenigandisha vidole."

Mama akaeleza yote: birika, kinu, viganja, hewa. Sentimita alianza kucheka kabla hajafika kwenye kinu, akacheka mpaka akakaa juu ya sanduku lake la vifaa akijishika mbavu. Mwana hakucheka.

"Mama, kiwandani ulilirudisha lori zima kwa sababu barafu ilikuwa na mapovu. Nilikuwepo. Dereva alikuomba mpaka akapiga magoti."

"Nakumbuka."

"Halafu leo mimi ndiye unayenipa mapovu?"

"Sitaki kuondoka hapa, mwanangu." Akamtazama machoni. "Sikujua nikwambieje tena."

"Si ungeniambia hivyo hivyo?"

"Nilikuambia. Ulikuwa unahesabu mabeseni."

Mwana akavua kofia ngumu, akaigeuzageuza mikononi kama mtu anayetafuta maandishi ndani yake. Sentimita akaacha kucheka.

"Tengeneza ile ngumu, mama," mwana akasema mwishowe, kwa upole. "Ngumu kuliko zote ulizowahi kutengeneza. Si kwa ajili ya ubishi wetu. Nataka kujua utalala chini ya nini."

"Na vikipasuka vyote?"

"Vikipasuka vyote tutakaa chini tuzungumze, na safari hii nitasikiliza."

Jumanne jioni, jua bado lipo, walirudi uwanjani. Mama hakujionea huruma. Madonge yalikuwa ang'avu, ungeweza kusoma gazeti ukiliweka moja juu yake, na alipoligonga kwa ukucha lililia kama glasi.

Donge la kwanza lilikipiga kigae chembamba, likakitoboa mpaka kwenye mbao. Sentimita akakibandua, akaingiza kidole kwenye tundu, akawapungia kwa upande wa pili. La pili likaangukia kigae kinene. Uso ukabaki safi, lakini kilipogeuzwa, ufa ulikuwa umekatiza mgongo mzima. Likabaki suala la kigae cha tatu.

Mwana akatupa. Donge likadunda, likapasukia chini. Akatupa jingine, na jingine, matano, mpaka jasho likamtiririka chini ya kofia. Akashuka mwenyewe, hakumngoja fundi. Akakigeuza kigae, akakikunja, akawasha tochi yake ya kukagulia nyaya za lifti, akapitisha ukucha mgongoni polepole kutoka pembe hadi pembe. Mama alishindwa kutazama. Akageuka akaliangalia geti.

"Hakuna," mwana akasema.

"Hakuna nini? Sema!"

"Hakuna ufa, mama."

"Siwezi kukuapia kwamba hakitapasuka milele," Sentimita akadakia, "ila hiki kitakuwa cha mwisho kupasuka mtaa huu."

Mama akakaa kwenye kidato cha chini cha ngazi. Machozi yalitoka kwanza, kicheko kikafuata, na kwa muda vyote viwili vikaenda pamoja. Mwanawe akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono iliyokuwa bado baridi.

"Unabaki," akamwambia. "Ila fundi akiwa anabomoa utalala kwangu, na hilo halina jaribio."

"Siku ngapi?"

"Sita, pamoja na kuziimarisha mbao," Sentimita akajibu. "Saba ikinyesha."

"Sita," mama akasema.

Sentimita akatoa penseli sikioni na kijikaratasi mfukoni aandike oda. Akaandika urefu, akaandika upana, kisha akainua kichwa. "Na rangi, mama? Kipo cha kijivu, cha kahawia, na chekundu."

Mama alimkodolea macho. Wiki zote zile za kuvutana, kutwanga na kugandisha, rangi haikuwahi kumpitia kichwani hata mara moja. Akamsukuma mwanawe begani.

"Mwulize huyu," akasema. "Rangi mtaiona nyinyi mkiwa mnakuja. Mimi nitakuwa ndani."