Maji ya Kumwoshea Nizar

Basi maji yalishachemka. Hajja Nuhad aliuchochea moto kwa mbao za masanduku ya risasi, maana mizeituni yake yote ilishakatwa, na mwanawe Nizar kalazwa uani juu ya mlango uliong'olewa, unga mpaka kwenye kope. Asubuhi ileile makundi mawili ya jihadi yalirushiana risasi yakigombea kizuizi cha barabarani mbele ya tanuri la mikate. Nizar alikuwa anaepua mikate, risasi ikampata. Bunduki hakuwahi kushika. Hata kuchinja kondoo wa Idi alikuwa anakukimbia.

Wa kwanza kufika alikuwa Abu Qutaiba, mkubwa wa kundi moja, ambaye watu wake wanalipwa na mfalme mmoja wa Ghuba. Akamwambia Hajja aache maji. Shahidi haoshwi, anazikwa na damu yake.

"Shahidi wa nani, mwanangu? Huyu alikuwa anachoma mikate."

"Wetu, Hajja. Hongera."

Hongera, eti. Ndiyo kwanza anamfunga maiti kitambaa cha kijani, kamera ishawashwa, Abu Saqr wa kundi la pili huyo naye, na kitambaa cheupe. Silaha za huyu zinavushwa mpakani kutoka nchi ya kaskazini, na wa huko nao wanataka kuonyeshwa mashahidi, la sivyo malori hayaji.

Unadhani walipigana? Thubutu. Waliotwangana risasi asubuhi, mchana wanapeana zamu kama wako saluni. Kijani kikatoka, cheupe kikaingia.

"Nani kati yenu kamuua?" Hajja akauliza.

Wakatazamana.

"Adui, Hajja," akasema Abu Saqr.

"Adui," Abu Qutaiba akaitikia.

Hajja akachovya kitambaa majini, akasema basi angalau amfute unga, unga si damu. Wakamshika mkono. Mpiga picha akamwambia kwa upole kabisa auache, kwenye video unaonekana kama nuru.

Adhana ya adhuhuri ikalia. Mabomba ya mji mzima yamekauka tangu baridi ianze, na maji ya sufuriani yalishapoa vya kutosha. Wakapanga mstari, hawa na wale, wakatawadha kwa kikombe cha Nizar, mmoja baada ya mwingine, mpaka chini kabisa ya sufuria.

Abu Qutaiba akamrudishia Hajja kikombe. Wenzake watatu walikuwa bado kutawadha. Akamwuliza kama anaweza kuchemsha mengine.