Marehemu wa Safu ya Tatu

Mimi ni fundi bomba, na nimewahi kufa mara moja tu, siku ya Jumamosi, mchana kweupe, kwenye tamasha la vitabu.

Kabla ya siku hiyo sikuwahi kukanyaga tamasha la vitabu. Nilidhani ni kama mnada: vitabu vinapangwa mezani, watu wanashika, wanauliza bei, wanarudisha, wanakwenda zao. Lakini mke wangu, Mama Pacha, alikuwa ameandika riwaya, riwaya ikachapishwa, na sasa alikuwa amealikwa kupanda jukwaani kuizungumzia. Kwa miaka saba nimelala na taa inaniwakia usoni kwa sababu ya riwaya ile. Nilijiona nina haki ya kwenda kupiga makofi.

"Wamesema nafasi ni chache," aliniambia wiki nzima. "Familia haziruhusiwi."

Aliyasema hayo huku anaosha kikombe kilichokwisha kuoshwa. Mwanaume mwenye akili angeshtuka. Mimi nikamwonea huruma, nikadhani anaogopa nisije nikakoroma mbele za watu. Maana kitabu chenyewe, kusema kweli, nilikuwa nimekianza tu. Usingizi ulinichukua pale mume wa kwenye riwaya, ambaye naye ni fundi bomba, anapotafuta kiatu cha pili chini ya kitanda. Nikamwacha hukohuko uvunguni mwezi mzima, na kila usiku najiapiza kwamba kesho nitamtoa.

Basi nikaamua kumshtukiza. Pacha wetu niliwapeleka kwa bibi yao, nikavaa shati langu la bluu la siku ya malipo, huyo nikaenda.

Langoni alikaa dada mmoja mwenye boksi la kadi za kuvaa shingoni.

"Karibu sana. Wewe ni mwandishi?"

"Hapana."

"Mhakiki?"

"Hapana, dada yangu."

"Mdhamini?"

"Mimi nimekuja kusikiliza tu. Niite msomaji."

Alipekua boksi mpaka chini, akainua uso kwa masikitiko. Kadi za wasomaji hazikutengenezwa. Akanivika ya mpiga picha, akaniomba nisimwambie mtu.

Nisiseme uongo, nilifurahi. Kila kona palikuwa na watu wanakumbatiana kama waliopoteana vitani, na wakishaachana kila mmoja anageuka kumsengenya mwenzake kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili sanifu. Ukumbi mmoja ulijaa pomoni. Humo walikuwa wanajadili kwa nini watu hawanunui vitabu. Meza ya vitabu ilikuwa mlangoni mwa ukumbi huohuo, na muuzaji alikuwa amelala. Wazee wawili wenye mvi walikuwa wanagombana kuhusu nukta na mkato hadi mate yanaruka, utadhani ni mpaka wa shamba. Nikajiambia, kumbe nao ni binadamu. Nikanunua chai, nikazunguka kifua mbele, mume wa mwandishi.

Ndipo nilipoliona bango. Mke wangu, mkubwa kuliko mlango, amejifunga kitambaa cheusi kichwani na mkono ameuweka shavuni. Chini yake pameandikwa: MJANE ALIYEGEUZA MACHOZI KUWA WINO.

Nilisimama pale na chai yangu, macho yamenitoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. Nilitazama kulia, nikatazama kushoto, namtafuta marehemu.

"Shemeji!"

Alikuwa ni Mchapishaji. Mtu huyu amekuja kwangu si mara moja, akakalia kiti changu na kumaliza maandazi yangu. Sasa alinishika mkono kama askari aliyekamata mwizi, akanivuta nyuma ya mabanda.

"Shemeji, umefuata nini huku?"

"Nimekuja kumsikiliza mke wangu. Hilo bango ni la nini? Nani amekufa?"

"Taratibu, usipaze sauti. Ni biashara tu ile. Wewe mwenyewe fikiria: kitabu cha mwanamke ambaye mumewe anarudi nyumbani kila siku jioni, anakula, analala. Nani atakinunua?"

"Kwa hiyo mkaniua."

"Hatujakuua, Mungu apishe mbali. Ndani ya kitabu mume anakufa. Sisi tumemsogeza tu mpaka kwenye bango."

"Na mwenyewe anajua?"

Mchapishaji alivitazama viatu vyake. "Alikataa kwanza. Akalia. Nikamwambia bila hivyo kitabu kitabaki kabatini. Miaka saba, shemeji! Akanyamaza. Nami nikachukulia kimya kuwa ni jibu." Kisha akaunganisha viganja vyake. "Nakuomba kitu kimoja. Ufe mpaka saa nane tu. Ikishafika saa nane, ishi utakavyo. Wahenga hawakukosea, kufa kufaana."

Nilitaka kummwagia chai, lakini nilikuwa nimeinunua kwa bei ya tamasha. Nikamwacha nikaenda zangu ukumbini. Nilikuwa na hasira, ndiyo, lakini hasira si neno lenyewe. Niliumia. Kuandikwa kitabuni kuwa nimekufa ningevumilia. Mafundi tunaandikwa mabaya kuliko hayo. Nilichotaka ni kimoja tu: mke wangu mbele ya watu wale aseme kwamba nipo. Asiposema, sikujua nitarudi nyumbani kama nani.

Nikakaa safu ya tatu, katikati, mahali ambapo lazima anione. Na aliniona. Alikuwa anapanda jukwaani na chupa ya maji mkononi. Macho yetu yakakutana, akakosea hatua, akashikilia meza.

Mwongoza mjadala, bwana mmoja mwenye sauti ya redioni, alimkaribisha kwa maelezo marefu kuliko sura ya kwanza ya kitabu. Mbele yetu, alisema, ameketi mwanamke aliyezika mume na kuzaa riwaya. Kisha akampa nafasi Profesa, ambaye kazi yake ilikuwa kutueleza tulichokisoma.

"Kifo cha mume," Profesa alisema, amefumba macho, "ndicho uhai wa kazi hii. Mume yule angeishi, riwaya ingekufa."

Watu wakatikisa vichwa, wengine wakaandika. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mnene mwenye leso, analia kwa raha zake.

"Alikuwa mwanaume mzuri mno," aliniambia kwa kunong'ona.

"Alikuwa na kasoro zake," nikasema.

"Ulimjua?"

"Tuliishi nyumba moja."

"Jamani! Pole, baba. Pole sana." Akanishika mkono asiuachie.

"Samahani, mama. Alikufaje?"

"Wewe hujasoma?"

"Niliishia kwenye kiatu."

"Basi ulibakiza kidogo tu."

Wakati wote huo Mama Pacha hakuwa amesema neno zaidi ya asante. Kila akisogeza mdomo kwenye kipaza sauti, Profesa alikuwa amepata wazo jingine. Hatimaye wakaruhusu maswali. Akasimama bwana wa suti ya kijivu, akasema ana swali fupi, akaanzia utotoni kwake. Alipita shule ya msingi, akapita talaka yake, akakosoa bei ya karatasi, na watu walipoanza kukohoa akafika.

"Swali langu, dada, ni hili. Marehemu mumeo angekuwa hai leo, akakaa humu ukumbini akakusikiliza, angesema nini?"

Mama Pacha alinitazama. Akafungua mdomo. Nikashika kingo za kiti.

"Samahani," mwongoza mjadala akadakia, sauti imeanza kumkwama. "Hilo ni swali zito. Kabla hajajibu, ningeomba sote tusimame kwa dakika moja, tumkumbuke marehemu."

Ukumbi mzima ukasimama. Viti vililia, kisha pakawa kimya. Nilibaki nimekaa peke yangu, na mama wa leso akanivuta shati. "Simama, baba," alinong'ona kwa ukali. "Mheshimu mwenzio."

Nikasimama. Nikainamisha kichwa, nikajikumbuka.

Nawaambia, dakika ile ni ndefu. Niliwaza kwamba labda wana haki. Watu wote hawa wamenikusanyikia, wananililia, wanasema nilikuwa mwema, na siku nilizokuwa hai hakuna hata mmoja aliyewahi kunisimamia. Asiyekuwepo na lake halipo, na mimi nilikuwa sipo ingawa nakanyagana na watu miguu. Nilikuwa nimeshaamua kwamba dakika ikiisha nitapenya kimyakimya mpaka mlangoni, nimwachie ujane wake.

"Kaeni," sauti ya Mama Pacha ikasema. "Kaeni, tafadhali. Mume wangu hajafa."

Hakuna aliyekaa.

"Yule pale. Shati la bluu, mwenye kadi ya mpiga picha. Tumezaa pacha. Ni fundi bomba, mzima wa afya, asubuhi amekula mayai mawili. Mimi si mjane. Nilidanganya, au niliwaacha wadanganye, ni yaleyale. Mnisamehe. Na wewe, Baba Pacha, unisamehe kuliko hawa wote."

Sauti ilimtetemeka, lakini aliyamaliza. Mlangoni nilimwona Mchapishaji amejishika kichwa kwa mikono miwili. Mimi machozi yalinitoka, wala sikuyafuta. Amesema. Mbele ya miwani yote ile, amesema.

Kisha Profesa akaanza kupiga makofi, polepole.

"Mmeona?" akapaza sauti. "Mmeona? Anakikataa kifo! Anamtoa mume ndani ya kurasa na kumsimamisha katikati yetu, na mwili wake, na mayai yake mawili! Huu ni ujasiri ambao fasihi yetu imeusubiri miaka mingi!"

Ukumbi ukalipuka. Makofi, miluzi, simu juu.

"Jamani, ni kweli," nikasema. "Ni mimi. Niko hai."

Makofi yakazidi. "Analia machozi kabisa!" mtu akasema nyuma yangu. Mama wa leso aliuachia mkono wangu, amenuna kidogo. "Kumbe wewe ni mwigizaji," akasema. "Na mimi nikakupa pole yangu."

Mkutano ulipoisha, foleni ya kusainiwa vitabu ilizunguka ukumbi mara mbili, na Mchapishaji alikuwa amefufuka kabla yangu. Alinikumbatia. Akaniuliza kama mwezi ujao nina nafasi, kuna tamasha lingine, na kama shati hilohilo la bluu naweza kulivaa. Bwana wa suti ya kijivu naye akanijia, akanipigapiga bega.

"Umejitahidi, kijana. Ila marehemu alikuwa mrefu kidogo."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na mke wangu, jua bado kali. Njia nzima alitembea nyuma yangu hatua moja, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimemuoa.

"Umekasirika," akasema.

"Sana."

"Una haki."

"Haki ninayo, na sijaimaliza. Lakini niambie kitu kimoja. Achana na Mchapishaji, yule namjua. Wewe. Siku unakaa na kalamu yako, hakuna anayekulazimisha, kwa nini uliniua?"

Tulivuka barabara kwanza.

"Unakumbuka siku ile ulipoingia kwenye shimo la majitaka la kiwandani, mvua ikanyesha, simu yako ikazima? Ulirudi umechelewa, ukasema una njaa. Nikakupakulia. Ukala, ukalala. Mimi sikuweza kulala. Nikakaa mezani nikaandika kana kwamba hukurudi. Nilitaka kujua ningefanyaje."

"Ukajua?"

"Kasome," akasema. "Umekaa na hicho kitabu mwezi mzima."

Nilipofika sikuvua hata viatu. Nilikaa kwenye kiti changu, nikamtoa yule bwana uvunguni na kiatu chake, nikamfuata mpaka alikokufa, ukurasa uliofuata tu. Amezikwa haraka, sikulia. Waombolezaji wamekuja, wamekula, wameondoka, sikulia pia. Kisha mjane anabaki peke yake ndani ya nyumba, na nyumba haina kasoro, kwa sababu mumewe alikuwa ametengeneza kila kitu. Kimya kimejaa kote. Anakivumilia siku kadhaa. Halafu siku moja anafungua mfuko wa zana za mumewe, anatoa spana, anaenda jikoni na kulilegeza bomba mpaka linaanza kudondosha tone, tone, tone. Anatega beseni chini. Anavuta kiti, anakaa kusikiliza, ili nyumba iwe na kazi inayomngoja fundi.

Hapo ndipo nilipolia. Nilimlilia yule mjane kwa sauti, kuliko yule wa leso alivyonililia mimi, nikasahau kabisa kwamba yuko hai na yuko chumbani anabadilisha nguo.

Sasa, bomba letu la jikoni linavuja. Linavuja tangu mwaka jana. Mganga hajigangi, na fundi bomba ndiyo kabisa. Mama Pacha amenisimanga kwa bomba lile mbele ya majirani, mbele ya wakwe, hata mbele ya Mchapishaji akiwa na andazi langu mdomoni. Nikaona aibu. Nikajifuta uso, nikachukua mfuko wangu wa zana, nikaenda nikapiga magoti chini ya sinki.

Alitokea mlangoni, amejifunga kanga.

"Unafanya nini hapo?"

"Nalikaza hili bomba. Si ndilo unalonisimangia kila siku?"

Akaja, akaniinamia, akainyofoa spana mkononi mwangu.

"Liache," alisema. "Liache livuje."